Kuandika Barua ya Madai na Kuiandika Tena

(Hotuba iliyotolewa Usenge mbele ya wanachama walioko likizoni, makatibu wa vikundi na wazee waliostaafu. Tunaichapa kama ilivyosemwa, ila salamu tumezipunguza.)



Nimeombwa niseme juu ya kazi ya kuandika. Nilipopata habari hiyo nilicheka, kwa maana wengi hapa mwanijua. Mimi ni mtoto wa Usenge. Nilisoma shule ya misheni hadi darasa la nane, na fedha za kwenda mbele hazikupatikana. Reli niliingia kwa kushika mtaimbo katika gangi, na mpaka leo mikono yangu inaujua mtaimbo kuliko inavyoijua kalamu. Lakini kwa miaka sita sasa ndugu zangu wa kikundi wamenichagua kuwa katibu wao, na katibu asiyeandika ni sawa na dereva asiyejua breki iko wapi. Basi nitasema yale niliyojifunza kwa kukosea. Yale ya vitabuni mtayapata kwa walimu.

Nitaanza na barua tatu. Zote tatu zilikuwa juu ya mguu mmoja.

Mwaka juzi, mwezi wa Machi, ndugu yetu mmoja alikuwa akifanya kazi chini ya kontrakta aliyepewa kutengeneza kipande cha njia. Huyo kontrakta sitamtaja, wala ndugu yetu sitamtaja, hakupenda jina lake litembee. Asubuhi walikuwa wakiinua reli ili wabadili mataruma. Jeki ikateleza, reli ikashuka, ikamponda mguu wa kulia. Walimbeba kwa troli hadi barabarani, kisha kwa gari hadi hospitali. Vidole vitatu vilikatwa, na kifundo cha mguu hakikurudi kuwa kama zamani.

Jioni ile mke wake alikuja kwangu. Hakulia. Aliketi tu mlangoni akauliza, “Shemeji, sasa itakuwaje?” Mimi sikuwa na jibu, nikachukua karatasi. Niliandika usiku ule ule mpaka taa ikaisha mafuta. Asubuhi nilikuwa na kurasa nne, na nilizipeleka mwenyewe kwa mkono wangu bila kuzisoma mara ya pili. Nilijiona shujaa.

Nakala ninayo hapa. Sikilizeni kidogo: “Sisi wafanyakazi wa hali ya chini tumeonewa kwa muda mrefu na kudharauliwa kama wanyama wa kubeba mizigo. Jasho letu ndilo lililojenga njia hii tangu zamani za babu zetu, na leo damu yetu inamwagika tena, na hakuna hata mtu mmoja anayejali. Mungu aliye mbinguni anaona.” Inakwenda hivyo kurasa nne. Naona baadhi yenu mnatikisa kichwa kwa kukubali. Mimi pia nilikubali. Kila neno lilikuwa la kweli.

Majibu yalikuja baada ya wiki tano. Yalikuwa mistari miwili: barua yako imepokelewa, lakini ofisi haikuelewa unaomba nini, kwa nani, na juu ya tukio gani. Nilikasirika mno. Nilisema hawa watu wana mioyo ya mawe. Pengine ni kweli. Lakini baada ya hasira kupoa niliisoma barua yangu kwa macho ya mtu mwingine, nikaona aibu. Katika kurasa nne sikuandika tarehe. Sikuandika mahali. Jina la ndugu yetu lilikuwa kwenye ukurasa wa tatu, tena nusu. Jeki haimo kabisa! Mungu yumo, babu zetu wamo, wanyama wa mizigo wamo. Jeki haimo.

Basi nikaona kosa ni lugha yangu. Nikamwendea mtu mmoja mjini Kisumu anayejua mambo ya ofisi, mtu wa tai na kalamu mbili mfukoni. Alinihurumia, akaitengeneza barua, akaipiga taipu vizuri bila kosa hata moja. Ninayo pia. “Kwa heshima na taadhima, tunaomba ofisi yako tukufu, endapo itapendezwa, iliangalie jambo la mmoja wa watumishi wako aliyepatwa na bahati mbaya kazini, na kwa huruma yako imfikirie kwa msaada wo wote utakaoonekana unafaa.” Nilipoisoma nilisema, naam, hapa ndipo penye elimu. Tukaipeleka.

Majibu safari hii yalikuwa ya adabu kama barua yenyewe. Jambo lenu limepokelewa, litaangaliwa kwa wakati ufaao. Halafu kimya. Mvua za masika zikapita, mvua za vuli zikaja. Ndugu yetu aliuza ng'ombe mmoja, kisha nyavu, kisha mtoto akarudishwa nyumbani kutoka shule. Wakati ufaao haukufika.

Mwezi wa Februari nikapita nyumbani kwa mzee mmoja, hapa hapa upande wa Yimbo, ambaye zamani alikuwa karani wa mizigo stesheni. Leo haoni vizuri, kwa hiyo nilipomweleza alisema, “Nisomee.” Nikasoma barua ya kwanza. Alinyamaza. Nikasoma ya pili. Akauliza:

“Nani aliangusha reli?”

“Jaduong', ilianguka.”

“Reli haina miguu. Nani aliangusha?”

“Jeki iliteleza.”

“Kwa nini iliteleza?”

“Meno yake yalikuwa yameisha. Nyapara aliambiwa siku mbili kabla. Alisema itumike hivyo hivyo, nyingine inakuja.”

“Hilo liko katika barua ipi?”

Ndugu zangu, halikuwa katika barua yo yote. Lilikuwa kichwani mwangu tangu siku ya kwanza, na kwa kuwa mimi nalijua nilidhani kila mtu analijua.

Akauliza tena, “Na mnataka nini?” Nikasema tunataka haki. Akasema, “Haki ni neno kubwa, haliingii katika bahasha. Mnataka nini kutoka kwa mtu atakayefungua bahasha hii Jumatatu asubuhi?” Hapo nikakwama. Kumbe tangu Machi sikuwa nimejiuliza hata mara moja.

Alinipa kalamu ya risasi akaniambia niisome barua yangu ya kwanza tena, sentensi moja moja, na kila sentensi nimwambie msomaji atafanya nini nayo. Kama hana la kufanya nayo, nipige mstari. Tulianza saa kumi. Jua lilipokuwa linataka kuzama ziwani, katika kurasa nne ilikuwa imebaki mistari miwili. Nilihisi kama mtu aliyenyolewa kwa nguvu.

Kisha alinikumbusha jambo lililonifanya nitoke jasho. Nchini mwetu kuna Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini, ya mwaka 2007. Taarifa ya ajali hata ya mdomo inakubaliwa, na mwajiri akishaipata ana siku saba tu za kumjulisha Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Lakini dai lenyewe la fidia lina miezi 12 tangu siku ya ajali. Tukahesabu. Zilikuwa zimebaki siku 22. Barua yangu ya hasira ilikula wiki tano, barua ya adabu ilikula miezi, na hakuna hata moja iliyosema neno “fidia”.

Barua ya tatu tuliiandika mara tano katika siku mbili. Hii hapa sehemu yake: “Tarehe 14 Machi, saa 1 na dakika 20 asubuhi, ndugu (jina lake kamili na namba ya kitambulisho) alivunjwa mguu wa kulia kwa reli alipokuwa kazini. Jeki iliyotumika ilikuwa mbovu. Nyapara alijulishwa ubovu huo tarehe 12 Machi mbele ya watu wanne, ambao majina yao yako chini. Tunadai fidia kwa mujibu wa Sheria ya mwaka 2007. Tunataka tupewe nakala ya taarifa ya ajali iliyopelekwa kwa Mkurugenzi. Tunaomba apelekwe kwa daktari apimwe kiasi cha ulemavu.” Nakala nyingine ikaenda moja kwa moja kwa ofisi ya Mkurugenzi, pamoja na fomu. Ukurasa mmoja, na nafasi ikabaki chini.

Sasa nataka mwangalie kitu hapo, kwa maana ndicho kilichonileta leo. Sisi twasema Kiswahili cha reli, hatukukinyonya kwa mama. Lakini Kiswahili hiki hiki kina vyombo vikali kama vya fundi, na mtu akichukua chombo kisicho chake anaharibu kazi. Tazama maneno haya: aliumia, aliumizwa. Herufi chache tu zimezidi. “Aliumia” yaweza kuwa alijikwaa mwenyewe. “Aliumizwa” maana yake yupo aliyemwumiza, na msomaji lazima aulize ni nani. Barua yetu ya pili ilisema “aliyepatwa na bahati mbaya”. Bahati mbaya hailipi fidia. Yule mtu wa tai hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Alilainisha tu, na katika kulainisha alimwondoa nyapara, akaiondoa jeki, akabakiza bahati.

Tena: tunaomba, tunataka, tunadai. Wengi wetu twayachanganya kama kwamba ni neno moja lenye nguo tatu. Kuomba ni pale ambapo mwenzako akikataa hakukosei. Kudai ni pale ambapo kitu ni chako naye anakishika. Kutaka kuko katikati. Ukidai usichostahili watakucheka, na ukiomba kilicho chako watakifanya kiwe sadaka. Katika barua yetu yote matatu yamo, na kila moja tulibishana juu yake. Mzee ndiye aliyetaka “tunaomba” kwa mambo ya daktari. Mimi nilitaka “tunadai” kila mahali, kwa kuwa hasira ilikuwa bado inachemka.

Nikamwuliza amejifunzia wapi hayo. Akaniambia, “Kwa baba yangu, na baba yangu aliyapata Lundha.” Hapo ndipo aliponisimulia habari ya Piny Owacho, na kwa sababu vijana wengi hapa hawaijui nitaisema kidogo.

Mwaka 1920 nchi hii iliacha kuwa hifadhi ikafanywa koloni. Kipande kikaanza kuvaliwa shingoni. Kodi ikapandishwa. Watu walikuwa wakichukuliwa na kupelekwa kambi za kazi. Tarehe 23 Desemba 1921 watu maelfu walikusanyika Lundha, katika Gem. Siyo mbali, mtu wa Usenge aweza kwenda na kurudi siku moja kwa matatu. Waliouitisha walikuwa vijana waliosoma Maseno, walimu wa misheni. Jonathan Okwiri alikuwa mwenyekiti, Benjamin Owuor katibu, na Simeon Nyende mtunza fedha. Chama chao kiliitwa Young Kavirondo Association, lakini wananchi walikiita Piny Owacho, yaani nchi imesema.

Nawaomba mfikiri juu ya kazi ya huyo katibu. Maelfu ya watu wamekasirika, kila mmoja na lake: huyu ameporwa ng'ombe, huyu mke wake anadaiwa kodi, huyu amerudi kutoka kambi akiwa mgonjwa. Angeweza kuandika kama nilivyoandika mimi, ya kwamba tunaonewa kama wanyama. Yale yaliyotoka Lundha hayakuwa hivyo. Yalikuwa mambo yanayohesabika. Kipande kiondolewe. Kodi ipunguzwe, na wanawake wasitozwe. Kazi ya kulazimishwa ikome na kambi zivunjwe. Watu wapewe hati za mashamba yao. Serikali ijenge shule. Nchi irudishwe kuwa hifadhi, isiwe koloni. Kila moja ni kitu ambacho mtu fulani mwenye kiti fulani aweza kufanya au kukataa, na akikataa itajulikana amekataa nini.

Tena walikataa kumpa mtu wa chini. Walisisitiza wamwone Gavana mwenyewe, na tarehe 8 Julai 1922 Gavana Northey alikuja Nyahera, karibu na Kisumu. Mwaka huo kodi ilishuka kutoka shilingi 16 hadi 12, na kambi zikafungwa. Koloni ilibaki koloni, na kipande kilibaki shingoni miaka mingi. Sisemi karatasi peke yake ndiyo iliyofanya kazi. Mwezi wa Machi mwaka ule ule Harry Thuku alikuwa amekamatwa, na watu wakapigwa risasi barabarani Nairobi, kwa hiyo serikali ilikuwa na hofu. Lakini nani angejua afunge nini, kama hakuna aliyeandika “kambi”?

Na jina lile, nchi imesema, lilikuwa na akili yake. Barua ikisema “mimi fulani nasema”, fulani anaitwa ofisini peke yake. Ikisema nchi imesema, utaiita nchi ofisini? Ndiyo maana barua yetu ya tatu ilitiwa sahihi na wote walioona, pamoja nami kama katibu.

Sasa sikilizeni kilichofuata, na hapa mwaweza kunikatalia, kwa maana najua katika chumba hiki wako wanaomheshimu sana marehemu ninayetaka kumtaja. Mwaka 1923 Archdeacon Owen wa misheni aliingia katika uongozi, na chama kikageuzwa kuwa Kavirondo Taxpayers Welfare Association. Owen hakuwa adui wa watu weusi. Alipigana kwa kalamu miaka mingi juu ya kazi ya watoto na ya wanawake, na Wazungu wengi walimchukia kwa hilo. Lakini chini ya mkono wake maandishi ya chama yalibadilika. Wanachama wakaweka ahadi za kujenga vyoo, kuua panya, kupanda miti, kutolewa. Vyoo ni vizuri, mimi ninacho. Ila mtu akisoma madai ya Lundha na kisha ahadi zile, ataona ya kuwa mwanzoni ni serikali iliyoambiwa cha kufanya, na mwishoni ni sisi. Barua ilisafishwa, na katika kusafishwa aliyeandikiwa akageuka.

Ndicho ninachowaambia makatibu leo. Kuandika tena ni lazima, na yule asiyeandika tena ataandika kurasa nne za Mungu anaona. Lakini mshike wenyewe kalamu ya mwisho. Mpeni mwalimu aangalie herufi, mpeni karani apange mistari, mpeni wakili aangalie sheria. Ikirudi, kaeni nayo na ile ya kwanza, bega kwa bega, muulize: jeki ipo? nyapara yupo? dai lipo? Kama kuna kitu kimetoka, mjue kimetoka kwa sababu gani. Pengine kilistahili kutoka. Pengine kilikuwa kinamwasha tu yule aliyesafisha.

Na wala hili si la zamani peke yake. Mwakumbuka Katiba. Rasimu moja wananchi tuliikataa kwa kura tarehe 21 Novemba 2005. Kamati ya Wataalamu ikatoa nyingine tarehe 17 Novemba 2009, watu wakapewa siku 30 za kusema maoni yao, ikatengenezwa tena, ikaenda kwa wabunge, ikarudi, ikapita Bungeni mwezi wa Aprili 2010. Kazi ya miaka, macho ya maelfu. Kisha Mei, katika nakala zilizochapwa, yakaonekana maneno ambayo Bunge halikuyapitisha: usalama wa taifa. Yalikuwa yamepachikwa katika kifungu cha 24, pale panaposemwa haki za mtu zaweza kupunguzwa kwa sababu gani. Maneno matatu tu! Nakala zile ziliondolewa, na tarehe 4 Agosti tulipiga kura juu ya maandishi yaliyo sawa. Jambo kama hilo hugunduliwa na mtu anayekaa na karatasi mbili, akisoma neno kwa neno kilichochapwa na kilichopitishwa. Kazi ya kuchosha kama kuhesabu kokoto. Naomba katika kila kikundi awepo mtu mmoja wa namna hiyo. Mara nyingi si yule msemaji mzuri. Mara nyingi ni yule mkimya anayekera watu kwa maswali.

Njia mnazijua wenyewe ila hamzitumii kwa karatasi. Stesheni ikipeleka ujumbe wa treni kwa simu, yule anayepokea anaurudia, namba kwa namba, na mwenzake anasikiliza. Hakuna anayeona ni matusi. Hakuna anayesema “kwani huniamini?” Treni mbili katika njia moja hazina heshima za mtu. Basi barua nayo ifanyiwe hivyo: mwandishi asome kwa sauti, mwingine ambaye hakuwapo siku ya tukio aseme alichosikia. Asiseme kama ni nzuri, aseme alichosikia tu. Mimi nilimsomea barua ya tatu mama yangu, ambaye hajafika Kisumu zaidi ya mara tatu. Aliniambia, “Nimesikia mtu amevunjwa mguu kwa chuma kibovu, na mkubwa wao alijua, na mnataka pesa na daktari.” Nikaikunja nikaitia katika bahasha.

Na muilaze usiku. Hasira ni wino mzuri wa kuandikia rasimu ya kwanza, sikatai. Mimi hata leo rasimu ya kwanza naandika na babu zetu wote wamo. Ila naiweka chini ya sahani mpaka asubuhi. Asubuhi wavuvi wetu hapa ufuoni hutandaza nyavu na kutafuta matundu kabla ya kulaumu samaki, nami nachukua kalamu ya risasi.

Mtu mmoja aliniuliza mwezi uliopita, karatasi za kuandika mara tano zitatoka wapi? Ngũgĩ wa Thiong'o alipofungwa Kamiti mwaka 1978 aliandika kitabu kizima cha Kikuyu juu ya karatasi za chooni, Caitaani Mũtharaba-inĩ, kikatoka mwaka 1980. Nyuma ya fomu za zamani za mizigo ni safi kuliko hizo. Ila ikifika kukata stensili ya jarida letu hili, hapo rasimu ziwe zimekwisha, tafadhali. Ndugu anayechapa amenituma niwaambie ya kuwa kusahihisha juu ya stensili ni kama kushona shati ukiwa umelivaa.

Mtataka kujua ya ndugu yetu. Barua ilifika siku 20 kabla ya miezi 12 kuisha, na tuna karatasi ya kupokelewa yenye muhuri. Daktari alimpima. Alisema kiasi cha ulemavu, na kontrakta akakipinga, akataka daktari mwingine. Hapo ndipo tulipo mpaka leo. Hajalipwa hata senti. Mtoto amerudi shule kwa mchango wenu, na mama yake amenituma niwashukuru. Wiki iliyopita ofisi iliandika tena, na safari hii walijibu hoja moja moja, ya kwanza mpaka ya tatu, kwa namba. Juu ya jeki wanasema nyapara hakuambiwa. Basi sasa tunabishana juu ya jeki, na wale wanne walioona wako tayari kusema.

Majibu yetu kwa barua hiyo hayajakwisha. Nimekuja na rasimu ya kwanza, ndefu, ina maneno makali ambayo mengine hayafai kusomwa mbele ya akina mama. Kesho saa tatu asubuhi, katika chumba hiki hiki, nitaisoma kwa sauti, na kalamu za risasi ninazo sita. Wale walio na barua zao za pensheni au za kuachishwa kazi wazilete pia, pamoja na majibu waliyopata, hata yakiwa ya mstari mmoja.